Kimya cha Pamba

Nilipokuwa mtoto wa kuchota maji kwa kibuyu kidogo, enzi ya Wadachi, nyumba yetu ya msonge kule Kaisho ilikuwa na paka mweupe aliyeitwa Pamba. Tulipewa na Bi Zuhura, mke wa Mwislamu mmoja wa asili ya pwani aliyeuza nguo na chumvi karibu na gulio. Pamba alizaliwa juu ya mtumba wa marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, ndipo akapata jina hilo.

Mdogo wangu, Kaijage, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mvua zilipokolea akashikwa na homa na kuhara. Alilia mchana kutwa, kilio cha kuchosha, na mama akawa anafanya kazi zote naye mgongoni. Bibi, mzaa baba, alimchemshia majani na kumkanda. Haikusaidia.

Kisha Pamba naye akaacha kula. Bibi alipomkuta amejibanza nyuma ya mitungi, kwenye nyasi za sakafuni, uso wake ukachangamka.

"Ameupokea," akasema. "Paka wa nyumba huubeba ugonjwa wa mtoto. Asiguswe, asipewe hata maji. Ukimponya yeye, unamrudishia mtoto."

Nilimpenda Pamba. Nilipotumwa chumvi, nikamweleza Bi Zuhura kwa Kiswahili changu cha kuokoteza.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Pamba hali."

"Marahaba. Anajiramba?"

"Hapana. Manyoya yamesimama kama nyasi kavu."

"Na macho? Kuna ngozi nyeupe imefunika pembeni?"

"Ipo. Na udenda unamtoka. Lakini halii, labda haumwi sana."

Akaacha kupima chumvi. "Mwanangu, paka mzima ndiye mwenye makelele. Wangu hunipigia kelele za nyama kama mume aliyerudi safari. Mgonjwa hujificha, akanyamaza. Akinyamaza ndipo uogope. Mpe maji kwa kidole, kidogo kidogo."

Nilifika nyumbani nikachovya kidole mtungini. Bibi akanishika mkono.

"Unataka paka au unataka ndugu?"

Nilitaka wote wawili, ila swali lenyewe halikuwa na nafasi ya wawili. Nikafuta kidole kwenye nguo.

Pamba alikufa asubuhi, pale pale nyuma ya mitungi, bila sauti. Na asubuhi hiyo hiyo Kaijage akaacha kulia.

"Mnasikia?" bibi akasema. "Nyumba imetulia."

Baba akamfukia Pamba shinani mwa mgomba. Mama, ambaye sikumbuki kumwona amelala majuma yale, alimlaza mtoto juu ya nguo ya magome ya mti, akaenda kuvuna maharage kabla mvua haijayaozesha. Mimi niliachwa nimwangalie. Macho yake yalikuwa nusu wazi, yamezama. Midomo imekauka. Nilimpelekea ndizi iliyopondwa, hakugeuza hata kichwa.

Nikamfuata bibi uani. "Bibi, Kaijage amenyamaza kama Pamba."

"Usilete uchuro. Mwache apumzike, kelele zako zitaurudisha."

Mama alirudi na kapu kichwani, akaanza kumsifu tangu mlangoni. "Leo mwanangu amenipa nafasi. Leo amekuwa mtu mzima." Akatua kapu, akapangusa mikono, akainama kumbeba. Maharage yale hatukuyala. Yaliota ndani ya kapu.

Miaka mingi baadaye, shuleni, nilifundishwa kwamba mtoto anayehara hukauka, na kwamba jambo la kwanza ni kumpa maji. Nilinakili nilichofundishwa, nikaenda kula na wenzangu. Sijui kama maji yangemwokoa Pamba, au Kaijage. Najua tu kwamba yalikuwapo mitungini, paka upande huu, mtoto upande ule, na sisi katikati tukishukuru kwa utulivu.

Simlaumu bibi. Alikuwa amezika watoto wengi kabla ya huyo, na kila mara ugonjwa ulimjia bila sura. Safari hii alipata mahali pa kuuweka.

Sasa nami nina watoto. Wakilia, naendelea kumenya ndizi, na majirani husema nina moyo mgumu. Wakinyamaza, naweka kisu chini, naenda kuwatazama macho.