Shoka Lililotupwa Baharini

Siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, ni ile niliyompeleka mdogo wangu Salim kwa Mzee Kurup ajifunze kupiga watu. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni, tukiishi Silver Spring, huko Marekani. Wazazi walikwishatangulia mbele ya haki. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule nikauguza wazee wa watu ili wadogo zangu wasome. Vijana wa mtaani walimvunja Salim jino, nami nikaona dawa ya moto ni moto.

Mzee Kurup alikuwa mtu wa Kerala, kusini mwa India, aliyewahi kusomesha Mombasa miaka mingi. Jioni alifundisha kalari, mapigano ya asili ya kwao, katika chumba cha chini cha jengo letu. Alimwanzisha Salim kwa kuchuchumaa na kujinyoosha, mara kama ndovu, mara kama simba.

"Dada, mimi nataka ngumi," Salim alininong'oneza. "Hii ni ngoma ya harusi!"

"Shikamoo, Mzee. Mfundishe mapigo, hayo mengine baadaye," nikasema.

"Marahaba. Kwetu mikono mitupu huja mwisho. Unajua kalari ilitoka wapi?"

Akatusimulia masimulizi ya kwao. Shujaa mmoja aliuliwa baba yake na wana wa mfalme. Akashika shoka, akaua wafalme hadi damu ikamchosha. Ndipo akalitupa shoka baharini. Maji yakarudi nyuma, ikazuka nchi ya Kerala, na humo akafundisha kalari ili watu wailinde.

"Alifundisha baada ya kulitupa shoka, binti. Wewe wataka nimpe mtoto shoka kwanza. Mama yako alikuachia ndugu, au alikuachia kisasi?"

Salim, mdomo umemvimba, alikuwa akinitazama usoni.

"Endelea na ndovu," nikamwambia.

Akanung'unika, akaendelea. Miezi ikapita. Siku moja, kwenye kituo cha treni, mmoja wa vijana wale akamcheka pengo lake mbele yangu. Mkono wa Salim ukakazika ndani ya wangu.

"Twende, Dada," akasema. "Treni imefika."

Mwanangu, hasira hasara. Ukiwa mkubwa wa nyumba, wadogo huusoma uso wako kabla ya kusikia neno lako. Usiwawashie moto usioweza kuuzima. Na chochote ujifunzacho, uliza kimetoka wapi na kiliwekwa kwa ajili ya nini, kwani mwacha asili ni mtumwa. Mola akupe mkono wenye nguvu, na moyo ujuao kuuzuia. Amina.