Marehemu Mume Wangu Alikuwa Anampigia Mama Yake Simu

"Wewe ndiye umempoozesha mama!"

Nilimwambia shemeji hivyo hivyo, katikati ya korido ya hospitali, wauguzi wakitutazama.

"Shemeji, punguza sauti. Mimi nilimtafutia mama faraja tu."

"Faraja? Mkono wa kushoto haunyanyuki, mdomo umekwenda upande, unaniambia faraja? Kazi yako ya kumpigia mama yako umeiachia mashine!"

"Presha ni ugonjwa wa wazee. Usinisingizie."

Alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikatoa mfuko wa plastiki kwenye pochi nikammwagia mapajani. Vidonge vya presha, vingine vimeshaanza kumumunyuka kwa unyevu. Nilivikuta chini ya godoro la mama nilipokuwa natandua shuka.

"Haya niambie, nani alimruhusu aache dawa?"

Shemeji akaanza kuviokota kimoja kimoja. Alijua.

Aliyemruhusu ni kaka yake. Mume wangu. Ambaye tulimzika mwaka juzi.

Ngoja nieleze, maana najua mmeshaanza kuniona nimechanganyikiwa.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, lakini nyumbani tulimwita Wakili. Mbishi huyo! Ukisema leo kuna jua, anatoka nje kuhakikisha. Akiwa safarini alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, mrefu kama hotuba, anabishana na kila mtu. Mama alikuwa anamsikiliza huku anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Alipofariki, mama hakulia sana. Alinyamaza tu, akanyamaza moja kwa moja.

Ndipo shemeji akaona tangazo la programu ya simu. Unawapa sauti ya mtu, wanakutengenezea mashine inayopiga simu, inayoongea na kujibu kama yeye. Akapakia ujumbe wote wa Wakili.

Asubuhi moja simu ya mama ikaita. Nikiwa jikoni nikasikia kutoka chumbani, "Mama, umeamkaje?"

Nilidondosha sufuria.

Nilifoka siku ile, lakini mama alikuwa anacheka. Akaomba chai. Sasa nani anataka kuitwa mkamwana mwenye roho mbaya?

Ambacho sikukijua ni kwamba mashine ile imetengenezwa ikubali. Ukisema umechoka, inakuambia pumzika. Mama alipolalamika kuwa dawa zinamtia kizunguzungu, sauti ya mwanawe ikamjibu, "Basi usijilazimishe, mama. Mwili wako unaujua wewe."

Akazisukumia chini ya godoro.

"Ifute," nikamwambia shemeji pale koridoni.

"Nimejaribu."

"Acha utani."

"Kweli, shemeji. Inataka mwenye sauti asome sentensi kwa mdomo wake. Nimesoma mimi, inasema sauti haifanani."

Nikampokonya simu. Nina diploma ya ugavi, si ya sheria, lakini kusoma najua. Kampuni inakataza kabisa kupakia sauti ya mtu mwingine. Kwenye usajili kuna kisanduku: *Nathibitisha kuwa hii ni sauti yangu mwenyewe.*

Shemeji alijaza jina la marehemu, akaweka tiki, akasonga mbele.

"Hapa ulisoma?"

"Yale nani anayasoma, shemeji?"

Nikaiandikia kampuni. Jibu lilikuja papo hapo: mwenye akaunti pekee ndiye anayeweza kufuta sauti yake. Nikajibu kuwa mwenye akaunti amefariki. Wakaniambia nimwombe mwenye akaunti awasiliane nao.

Nikaenda ofisi ya serikali inayosimamia taarifa binafsi. Ofisa, dada mmoja mpole mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana. Sheria yetu inamlinda mtu aliye hai. Marehemu hayumo."

"Lakini kampuni inasema yuko hai."

"Kwa kampuni, ndiyo."

"Kwa hiyo kwenu amekufa, hana haki. Kwao ni mzima, anasubiriwa aje mwenyewe. Mimi niende wapi, makaburini?"

Akatazama meza. "Kuna marekebisho ya sheria yanaandaliwa. Bado hayajapita."

Presha ya mama ilikuwa haisubiri bunge.

Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani. Nikaificha simu yake, akagoma kula. Chakula kilipoa mbele yake mpaka shemeji akaingiwa na huruma, akamrudishia. Ikawa sauti inapiga, na dawa nikimpa anazitema.

Nikaona hapana. Nikamwita shemeji, nikakaa kitandani kwa mama, sauti ikiwa hewani kwenye spika.

"Mama, mwambie hutaki kula tena. Mwambie unataka kumfuata."

Shemeji akaruka. "Shemeji, una wazimu?"

"Kaa chini."

Mama alinitazama, kisha akaigeukia simu. Ulimi wake ulikuwa bado mzito. "Mwanangu, nimechoka. Sitaki kula tena. Nataka nije huko uliko."

"Nakuelewa, mama," ikajibu kwa upole. Ni sauti ile ile iliyokuwa inanigombeza kwa kuacha taa zikiwaka. "Umevumilia mengi. Fanya moyo wako unavyotaka. Nakusubiri."



Mama akakunja uso. "Huyu si Wakili."

"Ni mashine, mama," nikasema.

"Najua ni mashine! Mnadhani ugonjwa umenila na akili? Nilimfumba macho kwa mkono huu." Akautazama mkono wake wa kushoto, umelala tu juu ya shuka. "Nilikuwa nataka sauti yake, basi. Lakini Wakili angenibishia mpaka nikasirike, nile kwa hasira. Yule hajawahi kunikubalia jambo hata moja tangu nimzae."

Akaitazama simu. "Inafutwaje?"

Shemeji akasema, "Haifutiki, mama. Inataka Wakili mwenyewe aseme."

"Si huyu hapa anasema?"

Mimi na shemeji tukatazamana.

Shemeji akafungua akaunti kwenye simu yake. Sentensi ikatokea. Nikamnong'oneza mama maneno, naye akainamia simu yake mwenyewe.

"Mwanangu, nisemee maneno haya." Akayataja, moja moja.

"Sawa, mama," ikasema. Ingekataa vipi? "Mimi ndiye mwenye sauti hii. Naomba ifutwe, na ninaelewa kuwa haitarudi."

Simu ya shemeji ikaandika: *Sauti imethibitishwa.* Chini yake kitufe chekundu. *Futa.*

Shemeji akanisukumia simu. Mimi niliyepiga kelele korido nzima, kidole kikaganda hewani. Na mimi nilikuwa mke wake.

"Mama, nipo," sauti ikasema. "Kuna kingine unataka?"

"Ubishi wako," mama akajibu.

Akabonyeza mwenyewe, kwa mkono wa kulia.

Kisha akaunyoosha mkono ule ule kwangu, kiganja wazi. "Leta hizo dawa."

Mkono wa kushoto haujarudi mpaka leo, na daktari ameacha kutupa matumaini.

Ndugu zangu, mkiwa bado hai semeni wazi sauti zenu zifanywe nini, maana sheria haijafika huko. Usimwekee tiki mtu aliyekufa. Na mama yako mpigie mwenyewe, hata kama mtagombana. Hasa kama mtagombana.