Injinia Chelangat na breki iliyobana stima ilipopotea

Chelangat, leo asubuhi nimekupigia simu kabla sijakumbuka kwamba haupo tena. Ikaita, mama yako akashika, nikampa pole.

Kwa wale hawakumjua: Chelangat, msichana wa Ndanai, alikuwa injinia wa maintenance kwa kiwanda cha chai hapa Kericho. Mimi ni fundi wa umeme hapo hapo. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa. Aliugua wiki tatu tu, na Jumapili akatuacha.

Siku yake ya kwanza nilidhani ni mtu wa ofisi. Kufikia chai ya saa nne alikuwa amelala chini ya dryer ya kukaushia majani, overall mpya imejaa grisi, akiniitisha spana.

Mimi ni Mkikuyu wa Kipkelion. Yeye ndiye alinirekebisha vile nasema "kongoi" nikitaka kushukuru watu wa kwao. Alicheka sana, lakini hakuchoka kunifundisha.

Ile siku siwezi kusahau ni mkutano wa breki.

Tuko na lifti ya mizigo, inapandisha magunia ya majani mabichi hadi kule juu yananyaushwa, yaani yanapunguzwa maji kabla ya kusagwa. Breki yake ya zamani ilikuwa inabana ikipata stima. Stima ikipotea, breki nayo inaachilia. Iliharibika, na meneja akataka tuagize ingine kama hiyo kwa sababu tayari inaingia pale.

Chelangat alikataa. Alitaka ile inabanwa na springi, umeme kazi yake iwe kuifungua tu. Meneja akasema hiyo inasimama kwa kishindo, itachosha gear. Na mzigo ukikwama katikati tutaushusha aje?

Hakubishana kwa sauti. Alikubali kishindo kiko, akasema atachagua saizi inayolingana na mzigo wetu, sio kubwa kupita kiasi. Ataweka lever ya mkono ya kuachilia polepole, na kifuniko cha kuzuia vumbi la chai na unyevu.

Halafu akauliza, "Hapa kwetu mvua ikinyesha, ni nini hupotea kwanza?"

Kila mtu kwa hiyo room aliangalia taa. Meneja akasaini oda ya breki ya springi.

Nakiri hata mimi nilidhani anajisumbua. Kutoboa mashimo mapya ya kufungia hiyo breki kulituchukua siku mbili, na nilinung'unika zote mbili.

Miezi michache baadaye, alasiri ya mvua, lifti ikiwa imejaa na iko karibu kufika juu, stima ikapotea. Mzee Bett, anayepokea majani, alikuwa ameingia chini yake kuokota gunia lililoanguka. Hakufaa kuwa hapo, na anajua.

Tulisikia mlio mmoja mzito. Mzigo ukabaki hewani. Mzee Bett akatoka taratibu akiwa bado ameshika gunia.

Chelangat alipanda ngazi, akavuta ile lever, akashusha mzigo kidogo kidogo hadi chini. Mzee Bett alipokuja kumshukuru, alimwambia, "Mzee, breki imefanya kazi yake. Lakini usiwahi kuingia hapo tena."

Kesho yake tulifunga wavu kuzunguka hapo chini. Design pia ni yake. Alisema breki nzuri sio ruhusa ya watu kusimama chini ya mzigo.

Hata hospitali hakuacha kazi. Alinitumia picha ya drawing ya lifti yetu ya pili, ile ilikuwa bado na breki ya zamani, amechora kwa kalamu vile lever igeuzwe ili mtu mfupi aifikie. Nilimwambia apumzike. Akaniambia atapumzika nikishaelewa. Nilielewa.

Hiyo breki ya lifti ya pili tumeifunga wiki hii. Jana tulijaza lifti, tukatoa kila mtu karibu, nikazima main switch mwenyewe. Ikabana. Waliopiga makofi wengine walikuwa wanalia. Fundi wa kiwanda kimoja cha upande wa Bomet alikuwa amekuja kuangalia. Ameondoka na copy ya drawing.

Ijumaa tunakupeleka nyumbani Ndanai. Mzee Bett ameomba awe kati ya wale watabeba jeneza. Nimemwambia atakuwa mbele.

Kongoi, Injinia. Lala bila wasiwasi, dada yangu. Watu wako wote wametoka kazini leo wakiwa wazima.