Nilivyomfungia Nekesa Mlango kwa Maneno

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumapili moja baada ya ibada, hapa Mukuju. Sikuwa kijana. Mvi zilikwisha kuniota. Lakini katika kazi niliyopewa siku hiyo nilikuwa mtoto, na yule mtoto wa methali alililia wembe akapewa. Nami nilipewa. Ila wembe wangu ulimkata mtu mwingine.

Chama chetu cha mazishi kina watu pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya: Mukuju, Rubongi, Sikuda, na ng'ambo, Busia ya Kenya. Mtu akifariki, chama ndicho hupeleka habari. Mfiwa hapigi simu. Mfiwa hukaa chini akalia. Zamani habari zilipita katika kundi la simu la kampuni moja ya mbali, mpaka asubuhi moja tukakuta kundi limefungwa, majina yote yamepotea, na hatuna wa kumuuliza. Basi binti yangu Achieng, aliyesomea kompyuta, akashauri tuwe na mtandao wetu wenyewe. Mtambo mmoja ukakaa Tororo, mwingine kwa wenzetu wa Kenya, na mitambo hiyo ikawa inapelekeana habari. Ukiwa kwa huu unasoma ya ule, hata kwa simu ya tochi, wala hakuna bwana mkubwa mmoja mwenye funguo zote.

Kilikuwa kitu kizuri, na bado ni kizuri. Kwa kuwa nilikuwa natengeneza redio na simu pale senta penye maduka, nikachaguliwa niwaeleze watu. Achieng akaniandikia karatasi. Akaniambia, "Baba, haya maneno ni yetu mafundi. Wewe watafutie watu ya kwao."

Sikutafuta. Niliishia darasa la saba, na mtu wa darasa la saba akipata neno kubwa hulivaa kama koti la harusi, hata jua likiwa kali. Nikasimama mbele yao nikasema mtandao uliogatuliwa. Nikasema itifaki. Nikasema shirikisho la seva. Watu wakatikisa vichwa, nami nikadhani wameelewa. Watu wenye heshima hutikisa kichwa hata wasipoelewa. Hilo nililijua baadaye. Nikamalizia, "Kila mwanachama achague seva yake, ya Uganda au ya Kenya, ajisajili."

Kwenye benchi ya nyuma alikaa Nekesa, mama yake Wandera, Msamia wa Sikuda, rafiki wa mke wangu tangu walipouza vitunguu pamoja sokoni Busia. Wanawake hao wawili walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki ndiye atakayemfunga mwenzake mshipi wa gomesi, gauni la heshima la wanawake wetu, mara ya mwisho, kabla hajawekwa sandukuni. Mke wangu Athieno alinieleza habari hiyo akicheka. "Nekesa anakaza mshipi mpaka mtu hapumui," alisema. "Siku hiyo sitalalamika."

Nekesa akainua mkono. "Shemeji, mimi niko Uganda, binti yangu iko Kenya. Sasa nikichagua moja, hii ingine inaniacha?"

Nikatazama karatasi. Jibu halikuwamo. Na badala ya kusema sijui nitamwelezaje, nikasema, "Mama Wandera, ulikuwa unasikiliza au unasinzia? Si nimesema shirikisho!"

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Mwacheni, simu yake ni ya tochi tu!" Nekesa naye akacheka, akashusha mkono.

Jioni Athieno alikuwa akibangua njugu, hakuinua macho. "Umemjibu rafiki yangu vibaya. Nenda Sikuda ukamweleze polepole."

"Nitakwenda," nikasema.

Hiyo nitakwenda ilikaa miezi saba, mwanangu. Na Sikuda si mbali.

Athieno aliugua wakati wa kupalilia mihogo. Siku tatu tu. Alipofariki nilikaa chini kama desturi inavyotaka, na chama kikatangaza. Watu walikuja wengi. Wa Kenya walijaa lori, wakaingia wakiimba. Mtambo haukukosea kitu. Wanawake walipoanza kumvika mke wangu, wakauliza, "Nekesa yuko wapi?" Wakampigia, simu yake haipatikani. Tulikuwa tumeuzoea mtandao kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka mapema kumtuma mtu kwa miguu. Wakangoja. Jua likageuka, mchungaji akatazama saa. Mwisho dada yangu akamfunga mshipi.

Ulikuwa umelegea. Niliuona.

Nekesa alikuja siku ya nne. Alikuwa amesikia sokoni, kwa muuza nyanya, kama mtu wa mbali. Alikaa kando ya kaburi muda mrefu, mikono yake juu ya magoti, haina kazi. Hakunilaumu. Mimi ndiye niliyemuuliza kwa nini hakujiunga.

"Baba Achieng," akasema, "sisi watu wa mpaka tunajua kuchagua ni nini. Ukiandikwa huku, kule wanakuuliza unatafuta nini. Niliona nikijiandika Uganda, binti yangu nimempoteza. Nikijiandika Kenya, huyu nimempoteza. Nikabaki hivi tu."

Nikamweleza, safari hii bila karatasi, kwamba ukikaa upande wowote unawafikia wote. Akanitazama.

"Kumbe ni kama boma? Mimi naitwa Nekesa wa Sikuda. Mtu wa Kenya akiuliza Nekesa wa Sikuda, si ananifikia? Na kuwa wa Sikuda hakunikatazi kwenda kwa binti yangu."

"Ni hivyo hivyo, shemeji."

"Basi mbona hukusema?"

 

Siku hizi katika mtandao wetu hutasikia neno seva. Tunasema boma. Jina la mtu huandikwa na boma lake, kama tulivyoitana siku zote kabla ya mitambo. Shirikisho tumeliacha, tunasema maboma yanatembeleana. Lakini nisikudanganye kwamba neno la nyumbani halikosei. Mzee mmoja wa Rubongi aliposikia boma alidhani yanayosemwa humo hayatoki nje, akataka kuandika siri za wanawe. Ikanibidi nimwambie ukweli: boma letu lina ua, halina ukuta, na anayetunza mtambo anaweza kuona yaliyomo. Tangu hapo kila neno jipya nalipeleka Sikuda kwanza. Nekesa akiweza kumweleza jirani yake, linabaki. Akishindwa, narudi nalo nyumbani. Njia ya Sikuda sasa naijua kila jiwe.

Mwanangu, wewe fundi kijana unajua mitambo kuliko mimi, na kesho utasimama mbele ya watu kuwaeleza, kama mimi siku ile. Usichague neno kwa sababu linapendeza mdomoni mwako. Mchagulie aliye benchi ya nyuma. Ukimaliza kusema, usihesabu vichwa vinavyotikiswa. Mwombe mmoja akueleze ulichosema kwa maneno yake. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kumcheka anayeuliza, maana swali lake ndilo linalokuonyesha mlango ulioufunga bila kujua. Na ukikosea, nenda ukarekebishe siku hiyo hiyo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekwisha kuzaliwa, nakaa naye nyumba moja.

Mungu akupe ulimi mpole na masikio mepesi kwa mwenye swali. Akulinde huku na ng'ambo. Na siku yako itakapofika, nayo iwe mbali sana, yule aliyekuahidi awe amepata habari, awe amefika, na mshipi wako ukazwe.