Pakiti Mbili za Unga wa Mlimani

Siku ile tulipopanda Kilimambogo naikumbuka kama ya jana, mwanangu, maana ndiyo siku niliyodanganya watu kwamba nimefunga. Hebu keti kwanza. Hicho kibegi chako hakitakimbia, na huo mlima wenu wa Longonot hauhami kabla ya Jumamosi.

Nilikuwa msichana wa kwaya. Tulikaa kwenye mabanda ya Mukuru kwa Reuben, baba alikuwa kibarua viwandani, na wiki hiyo hakuwa ameitwa kazini. Wenzangu wengi walitoka Umoja, kwa wazazi wenye mshahara. Tulipoambiwa kila mtu abebe chakula chake, nyumbani hapakuwa na cha kubeba. Basi nikashindilia sweta kwenye mfuko ili uonekane umejaa, na nilipoulizwa nikasema, "Mimi leo nimefunga."

Ole wangu! Kwetu watu wa kanisa, ukishasema umefunga hakuna wa kukubembeleza ule. Mandazi yalipopitishwa, yaliniruka. Kijana mmoja akanisifu mbele ya wote, "Huyu dada ameokoka, si mchezo!" Nami nikatabasamu, huku harufu ya mayai ya kuchemsha ikitaka kuniliza. Aibu ni kitu kibaya, we acha tu.

Tulikuwa karibu kufika juu. Nikaona giza, nikaanguka hapo kwenye vumbi. Wenzangu wakanizunguka wakaanza kuniombea. Lakini Mama Mbithe, mlezi wetu wa vijana, mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja sokoni Gikomba, hakufumba macho. Alichukua mfuko wangu aniwekee chini ya kichwa, akaubinya, akajua ni nguo tupu. Akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Jamani, endeleeni, mtaomba mkitembea," akawaambia. "Mimi na huyu tumefunga pamoja, na saa yetu ya kufungua imefika."

Mwanangu, Mama Mbithe alikuwa akitafuna njugu tangu getini! Hata wakati anasema hayo, ganda jekundu la njugu lilikuwa limemganda kwenye jino.

Wenzetu walipotangulia, akatoa pakiti ya unga uliokaangwa na chupa ya maji moto. Akatia unga kwenye kikombe, akamimina maji, akakoroga, akafunika kidogo. Ukawa uji mzito unaonukia njugu. Akafungua na karatasi yenye omena kavu, wale dagaa wa ziwani, akaniwekea mapajani.

"Kunywa polepole," akasema. "Na siku nyingine mkikosa, uje kwangu uniambie. Ni nani alikwambia Mungu anataka uzimie mlimani?"

Akanigombeza hivyo tu, basi. Nilikunywa uji huo nikilia, nikamaliza, nikapanda hadi juu na wenzangu. Hakumwambia mtu siri yangu mpaka alipozikwa.

Sasa nisikilize. Hizo tambi za pakiti ulizonunua zinataka sufuria na moto, na huko juu upepo hauna simile. Huu unga nimekukaangia mwenyewe. Ni wa wimbi, yaani ulezi, kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuzageuza mpaka unukie. Halafu njugu zilizosagwa, sukari, na chumvi ya kuonja tu. Ukipata maji moto, umepika. Omena nimeikausha vizuri, haitakuchafulia nguo, na yote ni mepesi hata kuliko viatu vyako. Usione haya kuifungua mbele ya hao rafiki zako wa ofisini. Wakicheka, waonjeshe, tuone nani atacheka tena.

Na pakiti ni mbili. Najua utaniambia, "Nyanya, moja inanitosha." Ya pili si yako. Mkikaa kula, huenda akawepo mmoja atakayesema ameshiba, au tumbo linamsumbua, au amefunga. Usimhoji mbele za watu, na usimruke tu chakula kinapopitishwa kama nilivyorukwa mimi. Nenda ukae karibu naye, umwambie hata wewe ulikuwa umefunga, mfungue pamoja.

Haya, beba. Mungu akupandishe salama na akushushe salama, akupe macho ya kuona mfuko uliojaa sweta. Na uongo huo mmoja usikusumbue roho. Nitauombea msamaha mimi mwenyewe hapa nyumbani.