Sehemu ya Tatu ya Wimbo wa Sylvestre

Kila kwaya aliyowahi kuimba nayo, Valérie aliifundisha wimbo mmoja kabla ya mingine yote. Aliufundisha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, chini ya turubai lililopigapiga kila upepo ulipokuja. Aliufundisha Lozells, mtaa wa Birmingham, sebuleni kwake, walipokuwa waimbaji watano na kinanda cha kuazima. Na sasa kwaya imekua, inafanya mazoezi Erdington katika ukumbi wa kukodi nyuma ya kanisa la Waingereza, na bado mwimbaji mgeni hupewa wimbo huo kwanza, kama mgeni anavyopewa maji ya kunawa kabla ya chakula.

Wimbo unaitwa "Ng'ambo Kuna Taa". Una sehemu tatu. Katika ya kwanza mtu amesimama ukingoni mwa ziwa gizani. Katika ya pili anaita na hapati jibu. Katika ya tatu sauti inapanda ghafla, wanaume wananyamaza, wanawake wanabaki peke yao juu kabisa, na mtu aliyekuwa ukingoni anaona taa upande wa pili. Mtoto yeyote wa Uvira, mji wa Kongo alikotoka Valérie, anajua ni taa zipi hizo: za Bujumbura, zinazowaka kila usiku ng'ambo ya maji. Lakini baba yake Valérie, fundi cherehani aliyeitwa Sylvestre, alizifanya kuwa taa za mbinguni.

Hana picha yake. Alipokimbia vita alitoka na mtoto wake wa kwanza mgongoni na sufuria mkononi. Cherehani iliibwa, nyumba ikachomwa, na kaburi lilichimbwa wakati yeye alikuwa upande wa pili wa mpaka. Wenzake wengine walirithi shamba, au angalau jina kwenye mlango wa duka. Yeye alirithi wimbo. Kiwandani, ambako kwa miaka mingi amekuwa akilisha mashuka ya hospitali kwenye mashine ya kupiga pasi, huuimba kwa sauti kubwa kwa sababu ngurumo ya mitambo haimruhusu mtu kusikia, na mvuke unapompanda usoni hakuna anayeweza kujua kama amelia au ametoka jasho.

Mwezi wa tano, mchungaji alitangaza kwamba Pentekoste ya mwaka huu wataabudu pamoja na wenye kanisa, wale wazee wachache wa Kiingereza wanaobaki kwenye viti vya mbele. Kila upande ungeleta wimbo mmoja, na mtu wa kueleza umetoka wapi.

"Mama Valérie," alisema, "weye utasimama. Utawaambia juu ya baba yako."

Nani angeomba zaidi ya hapo? Alimwambia binti yake, Merveille, amfundishe kusema kwa Kiingereza kizuri kwamba wimbo huu ulitungwa na baba yake. Merveille alizaliwa hapa Birmingham, anasomea uuguzi, anasikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Akamrekebisha mama yake huku anakula.

"Taratibu, Mum," alimwambia. "Unasema kama unagombana nao."

"Nataka baisikie," alisema Valérie. "Batu ya huku bananisikiaka nikipiga kelele tu."

Alhamisi iliyofuata walikuwa mazoezini. Mlinzi wa ukumbi ni mzee Eric, Mwingereza mwembamba mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, ambaye huja na funguo zake kufunga milango wakimaliza. Siku hiyo alifika mapema. Alisimama mlangoni, akasikiliza sehemu ya kwanza, na mguu wake ukaanza kupiga sakafu. Ilipofika ya pili, mzee alifungua kinywa na kuimba nao.

Aliimba kwa Kiingereza. Sauti ile ile, panda shuka zile zile, maneno mengine.

Djo, mpiga gitaa wa kwaya, aliacha kupiga. Wengine wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka akabaki Eric peke yake akimalizia mstari, amefumba macho, anatabasamu.

"Umeujulia wapi?" Valérie alimuuliza.

"Mimi?" Eric alicheka. "Ningeuliza mimi, ninyi mmeujulia wapi! Huu ulikuwa namba moja nchi nzima, mama, mwaka sitini na tisa. Vijana wanne wa hapo Aston. Mpiga ngoma wao alikuwa jirani yetu. Mama yake alikuwa akimfukuza akafanyie kelele zake kwenye kibanda cha makaa."

"Hapana. Huu alitunga baba yangu."

Mzee akaona uso wake, na tabasamu likapungua. Lakini simu ilikwisha kutoka mfukoni, na wimbo ukaanza: gitaa, ngoma, kijana mwenye sauti ya puani akimlilia msichana aliyepanda basi la mwisho asirudi. Sauti ya mtu wa ukingoni mwa ziwa. Sauti ya anayeita asijibiwe.

"Eh, jamani!" Djo alipiga paja. "Kumbe miaka yote hii tuko namuimbia Mungu wimbo wa basi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Hawakumcheka kwa ubaya, walikuwa watu waliochoka na kazi wanaopenda kichekesho. Lakini Valérie alichukua mkoba wake na kutoka kabla wimbo haujafika nusu, akaacha koti kwenye kiti.

Wiki iliyofuata mashine ya pasi ilinguruma peke yake. Alilisha mashuka, akayatoa, akayakunja. Kilichomuuma hakikuwa kwamba watu wamecheka. Akilini alimwona baba yake, yule mtu mpole mwenye pini midomoni, akisimama mbele ya kanisa la Uvira na kupokea makofi kwa kitu alichookota. Na kama hilo lilikuwa la kuokota, yeye Valérie amebeba nini tangu Uvira hadi Nyarugusu, hadi Lozells? Amewafundisha watu wangapi? Alimpigia mchungaji simu akamwambia achague wimbo mwingine, na mtu mwingine wa kusimama. Mchungaji alisema atasubiri mpaka Jumamosi.

Ijumaa alimpigia mama yake mdogo Uvira. Bibi huyo amepita themanini, sikio moja limeziba, na simu huishikilia kama kipaza sauti. Valérie alizunguka sana, akauliza mvua, akauliza bei ya mihogo, mwishowe akasema.

Kikaja kicheko, kirefu, kikiishia kwenye kikohozi.

"Eh Valé! Weye haukujua? Hii yote umekuwa Ulaya na haukujua?"

"Kujua nini, mama?"

"Kwamba sauti ilitoka kwa radio! Baba yako hakufichaka. Wakati ule nani alikuwa anatunga sauti? Sauti tulikuwa tunaokota, ya Wagiriki, ya Wabelgiji, ya Wazungu gani sijui. Tunatunga maneno. Kwaya zote zilikuwa hivyo. Maneno ndiyo ilikuwa kazi."

Akamsimulia. Sylvestre alikuwa akishonea barazani kwa Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa. Ndani, karibu na dirisha, kulikuwa na redio kubwa, na kila Jumamosi alasiri Mgiriki alitafuta stesheni ya Kiingereza iliyopiga nyimbo ishirini za juma, kuanzia ya mwisho na kupanda. Juma moja Sylvestre akausikia wimbo ule. Ulikuwa chini kabisa, ukapigwa mapema, kidogo tu, kisha mtangazaji akaukata. Juma la pili ulikuwa umepanda, wakaupiga zaidi. Juma la tatu zaidi tena. Jumamosi hizo fundi alishona polepole mpaka wateja wakalalamika. Mguu haukukanyaga cherehani wimbo ukipigwa.

"Njo hivyo alishika mwanzo," alisema bibi. "Njo hivyo alishika katikati. Kisha wimbo ukapanda sana, ukampotea."

"Ukampotea namna gani?"

"Mgiriki alikuwa anafunga dirisha saa kumi na mbili! Nyimbo za juu zilikuwa zinakuja mwishoni. Wimbo ukiwa wa kwanza kabisa, sasa ndiyo wanaupiga wote mzima, dirisha limefungwa. Baba yako anakunja vitambaa barazani, anasikia nyuma ya mbao mm-mm-mm, kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Siku moja alibisha. Mgiriki akadhani ni mwizi, akatoka na fimbo!"

Walicheka wote wawili, mmoja Lozells, mmoja Uvira.

"Na mwisho wake?" Valérie aliuliza. "Ile sehemu ya tatu?"

"Mwisho hakuusikiaka hata siku moja. Alikasirika! Mvua yote ile alikuwa anatembea ndani ya nyumba anatafuta namna ya kuumaliza, mama yako anamwambia, baba, lala, watoto wanalala. Asubuhi moja akakutoa kwa kitanda, weye mdogo hivi, akakuimbia. Ukalia. Akasema, sawa, ni mzuri."

Usiku huo Valérie alimwomba Merveille amtafutie wimbo wa vijana wa Aston kwenye simu. Kule ukumbini hakuwa ameusikiliza mpaka mwisho. Walikaa kwenye kochi, wakagawana spika za masikioni, sikio moja moja. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya baba yake, au ya Aston, ilikuwa ni moja. Ya pili vile vile. Kisha Valérie akangoja sauti ipande.

Haikupanda. Zikaja tarumbeta, mwimbaji akarudia kuhusu basi, akarudia tena, na wimbo ukafifia polepole kama redio inayobebwa kwenda chumba kingine.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu." Merveille alichomoa spika sikioni, akamtazama mama yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayevuka kwenye mawe: "Ya babu iko muzuri kuliko."

Asubuhi Valérie alimpigia mchungaji.

Jumapili ya Pentekoste kanisa lilijaa kuliko Waingereza wale walivyowahi kuliona tangu ujana wao. Valérie alisimama mbele kwa kitenge kipya. Alikuwa ameiacha ile sentensi aliyofundishwa, akatengeneza nyingine, na aliisema taratibu. Alisema kwamba sehemu mbili za wimbo huu zilizaliwa hapa jirani, Aston, nazo zikasafiri mpaka Uvira zikaingia kwa dirisha la duka. Sehemu ya tatu ilitungwa na fundi cherehani anayeitwa Sylvestre, kwa sababu dirisha lilifungwa.

"Ni baba yangu," alimaliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayegombana.

Djo akaanza gitaa. Mistari miwili tu, na viti vya mbele vikaanza kutikisika. Bibi mmoja alimshika mwenzake mkono. Eric alivua kofia yake ya sufu. Halafu wakaanza kuimba, wazee wale wote, kwa Kiingereza, wakimlilia msichana wa basi la mwisho, huku kwaya ikiimba ziwa na giza juu yao, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Sehemu ya pili waliimba kwa nguvu zaidi. Walikuwa na miaka ishirini tena, na ilikuwa Jumamosi.

Kisha sauti ikapanda.

Wazee wakafungua vinywa wafuate, wakakuta hawajui njia. Mmoja baada ya mwingine wakanyamaza. Walibaki wanawake wa kwaya peke yao, juu kule, wakiiona taa. Valérie hakufumba macho mara hii. Aliwatazama Waingereza wale wenye nywele nyeupe, wametulia kwenye viti vyao na vichwa vimeinuka kidogo, wakisikiliza kitu ambacho hawajawahi kukisikia.