Mtu wa Bima Aliyechukua Jina la Bhoke

Usije ukaniambia niliota. Anayeota amelala, na mimi siku hiyo nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, mchana, watu wananiona. Padri ameshaniambia ni homa ilinichanganya. Mwanangu aliyesoma ameniambia ni mawazo. Wote nimewajibu neno moja: ninyi hamkuwapo. Aliyekuwapo ni mimi na mdogo wangu, na mdogo wangu yu hai, aliolewa huko karibu na bwawa la Manchira. Nenda kamtazame mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vijiji, tulipokuwa tumeshahamishwa kutoka miji yetu ya zamani tukapangwa kwa mistari, nyumba inatazamana na nyumba. Sisi tulipangwa karibu na Nyangoto. Bhoke, mdogo wangu wa kunifuata, akaota uvimbe tumboni. Mwanzo tulidhani ni mimba, tukamsema, maana alikuwa hajaolewa. Haikuwa mimba. Akanyweshwa mizizi, akachanjwa chale, mwisho daktari wa misheni akasema bila kuzunguka: huyu apelekwe Mwanza akapasuliwe, tena upesi, mkichelewa mtazika. Mama yetu tulikuwa tumemzika mwaka mmoja nyuma. Baba macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Nani wa kumpeleka? Mimi.

Sasa, mwaka huo kipindupindu kilikuwa kimeingia. Barabara ya Musoma ilifungwa pale mto Mara, mgambo wamesimama, hakuna kuvuka. Njia iliyobaki ilikuwa meli. Wakati ule wilaya ya Tarime ilikuwa inafika hadi ziwani, na kulikuwa na gati dogo ambako meli ilipita kuchukua pamba na abiria wachache. Tukapanda lori la ushirika, tukakaa juu ya magunia, Bhoke ameniegemea kama mtoto, tukafika gatini na mvua.

Tulisubiri ndani ya banda la pamba. Asubuhi bwana afya akaja, kijana mwembamba mwenye koti la mvua lililomzidi, akasimama mlangoni kututangazia. Ndugu wasafiri, asiye na cheti cha chanjo hapandi. Mwenye homa hapandi, hata akiwa na cheti. Anayetapika au kuharisha hapandi. Na mtu akiugua ndani ya meli atashushwa kituo cha kwanza, kiwe mji au kisiwa, yeye pamoja na anayemuuguza.

"Na akishushwa huko akafa?" nikamuuliza.

"Tiketi haina bima ya ugonjwa, dada. Bima iliyopo ni ya mzigo."

"Mzigo upi?"

Akanyoosha kidole kwenye magunia.

"Kwa hiyo pamba ina bima, mdogo wangu hana?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sheria sikuitunga mimi, dada. Mimi naisoma tu." Akaondoka, akasema atarudi na kipimajoto meli ikionekana.

Unaielewa shida yetu? Vyeti tulikuwa navyo, tatizo ni homa. Ule uvimbe ulikuwa unampa Bhoke homa kila mchana ukianza kupoa. Meli nayo ilikuwa inakuja wakati huohuo. Akikataliwa, meli nyingine ni baada ya wiki mbili, na wiki mbili Bhoke hakuwa nazo. Nilimfuta kwa kitambaa cha maji, nikamfuta tena. Ngozi yake ilikuwa inakausha kitambaa mikononi mwangu.

Ndipo alipoingia yule mtu.

Alikuwa mwanamume wa umri wa baba yetu, amevaa kaunda suti ya kijivu kama watu wa ofisini. Nje mvua inanyesha kama inamwagwa, yeye hana tone mwilini. Na viatu vyake, niamini, vilikuwa vyeusi vinang'aa, bila tope hata kwenye soli. Mtu wa kwetu anajua tope la masika. Hata mkuu wa wilaya halimwachi.

"Ndugu abiria," akasema, "mimi ni mtu wa bima. Nawakatia kinga ya safari. Atakayekata kwangu hataugua hadi afike anakokwenda."

Mwalimu mmoja anaitwa Marwa, aliyehamishiwa shule ya ng'ambo, akasogea haraka. Mwalimu huyu alikuwa anaharisha tangu usiku, anazunguka nyuma ya banda akijificha, na sisi wote tulijua tukanyamaza. Akauliza ni kiasi gani. Yule mtu akasema hataki hela, anataka jina tu. Kalamu hana, karatasi hana. Mwalimu akasema, "Marwa." Yule mtu akalirudia. Lakini halikutoka kwa sauti yake. Ilitoka sauti ya mwanamke, mwanamke mzee, ikisema "Marwa" kama mtu anayemwita mtoto aje ale. Mwalimu akashika mdomo, machozi yakamtoka. "Huyo ni mama," akasema. "Mama yangu alikufa nikiwa darasa la sita." Na tumbo lake likatulia palepale. Hakuzunguka tena nyuma ya banda.

Wengine wanasema hapo ningekimbia. Kukimbilia wapi, na mgonjwa? Nilimvuta Bhoke pembeni, nikamwambia, "Huyu mtu usimwitikie. Ukiona anakuja, funga mdomo." Akaniitikia, "Sawa, dada." Kisha nikatoka kwenda kwa mama mmoja aliyekuwa anapika chini ya turubai, kuomba uji wa moto. Kulikuwa hapo tu, mwendo wa kutupa jiwe.

Nimeshika kikombe, nikasikia mama yetu anaita.

"Bhokeee!"

Mama alikuwa na namna yake ya kuita, anaivuta ile sauti kutoka ng'ambo ya shamba la ulezi, mwishoni inakwaruza kidogo kwa ajili ya tumbaku. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeita hivyo. Kikombe kikaniponyoka. Nikakimbia hadi ndani, nikamkuta yule mtu ameinama mbele ya mdogo wangu na anaufumba mdomo wake mwenyewe taratibu.

"Umemwambia?" nikamuuliza Bhoke.

"Aliniuliza jina langu na mimi binti wa nani, dada. Nilimwamkia shikamoo, akaniuliza kama wazee wanavyouliza. Ningekosaje kumjibu?"

Nikamshika paji la uso. Lilikuwa baridi kama mtungi.

Yule mtu akanigeukia mimi. "Na wewe? Anayeuguza naye lazima awe salama."

Nilikuwa naogopa, sitakudanganya. Lakini nilikasirika zaidi ya kuogopa. Nikamwambia, "Jina langu ni la bibi yangu mzaa baba, aliyemfukuza chui zizini kwa mwiko wa ugali. Wewe huliwezi."

"Utasafiri bila kinga."

"Nitasafiri na ngozi yangu."

Akatabasamu, akatoka kwenye mvua, na mvua haikumgusa.

Meli ikaonekana. Bwana afya akarudi, akampima Bhoke, hana homa. Akampima mwalimu, mzima. Akanipima mimi, akanitazama mara mbili, akaniruhusu. Tukapanda. Nilitakiwa kufurahi, au sivyo? Lakini karani wa meli alipokuwa anaita majina ya walioingia, akaita "Marwa," mwalimu hakujibu. Amesimama mbele yake anamtazama kama ng'ombe. Nikashtuka, nikamgeukia mdogo wangu aliyekuwa anatazama maji. "Bhoke," nikasema. Hakugeuka. "Bhoke!" Nikamgusa bega. Akageuka, akaniambia, "Dada, mbona huniiti, unanigusa tu?"

Hapo nikajua alichouza.

Meli ikaondoka. Mimi mtu wa Nyangoto, maji mengi niliyokuwa nimeona ni ya mto. Mawimbi yakanishika, nikatapika mara moja, nikatapika tena, na homa juu yake, maana mvua ya siku zile ilikuwa imeniingia. Karani akaniona. Akaja na baharia mmoja, wakasema sheria ni sheria, mbele kuna kisiwa, nitashushwa hapo.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, mawe na vichaka, na kijigati cha mbao. Bado tulikuwa hatujaiacha nchi ya Tarime, milima unaiona nyuma. Meli ikasogea, wakafunga kamba. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Na pale kwenye mawe, amesimama na kaunda suti yake ya kijivu, ni yeye. Tulimwacha gatini, hakupanda meli, mtumbwi haukuwapo. Alifikaje? Niambie wewe.

Akafungua mdomo. Ikatoka ile sauti ya mwanamke mzee, ikimwita Marwa. Na mwalimu, ambaye hakumsikia karani aliyesimama mbele ya pua yake, alisikia. Akaacha sanduku lake, akaacha koti lake, akateremka ubao, akatembea kwenda kwenye mawe kama mtoto anayeitwa kula. Baharia akamwita, "Mwalimu, si hapa!" Hakugeuka. Akapita nyuma ya vichaka, mabaharia wawili wakashuka kumfuata.

Halafu sauti ya mama yetu.

"Bhokeee!"

Mdogo wangu akainuka. Yule aliyeshindwa kutembea bila kuniegemea, akainuka kama hana kitu tumboni, akaanza kwenda. Nilimkamata kiuno. Nikafungua kanga yangu, nikamfunga nayo, ncha nyingine nikaifunga kwenye nguzo ya chuma, nikamkalia miguu. Alikuwa ananipiga. Analia, "Niache, mama ananiita, wewe ni mtu mbaya, niache." Karani naye yuko juu yangu anasema shuka, mama, wewe ni mgonjwa.

Nikamwambia karani, "Mimi sishuki. Nimetapika mawimbi. Mkinishusha mimi, mshushe na huyu, na mng'oe na hii nguzo!"

Sauti ikaita tena, karibu zaidi. Bhoke akavuta hadi kanga ikaanza kuchanika. Nilimwita, nikamwita, hanisikii. Ungefanyaje wewe? Jina lake limekwenda, mimi nitamshika kwa kitu gani? Ndipo nikamshika uso kwa mikono miwili, nikamwita kwa jina langu mwenyewe. Lile la bibi. Nikamwambia kwa Kikurya, "Wewe ndiye huyo. Kuanzia leo tunalo wawili. Itika!"

Akatulia. Akanitazama kama mtu anayetoka kwenye moshi. "Abe, dada," akasema.

Ile sauti ikaita Bhoke mara nyingine, na yeye akawa anajifuta machozi tu, kama anaitwa mtu wa jirani.

Basi mimi nikasimama. Nikaenda ukingoni, nimevaa gauni la ndani tu kwa sababu kanga iko kwenye nguzo, watu wananiona, sikujali. Nikapiga kelele: "Umemkatia bima Bhoke? Mchukue Bhoke wako! Chukua jina, likae na wewe, ulilishe! Mtu ni wangu! Na hiyo sauti unayotembea nayo uliiba, si mama yetu. Mama yetu hajawahi kumwita mtoto aingie majini!"

Akafunga mdomo. Naapa, sikumwona akiondoka. Nilipopepesa macho, yakabaki mawe tu.

Nahodha alikuwa mzee mmoja Mjaluo. Alikuwa ameshuka kutoka juu, amesimama nyuma yangu sijui tangu lini. Karani akaanza kumweleza habari ya sheria. Nahodha akatazama sanduku la mwalimu, akatazama kisiwa, akasema, "Huyu mama ametapika mawimbi. Fungua kamba."

"Na mwalimu, mzee?"

"Walikwenda kumtafuta wawili, hawakuona hata alama ya mguu. Nitatoa taarifa. Fungua kamba, mura, kijana wangu, kabla sijaifungua mwenyewe."

Baadaye akanijia na kikombe cha chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kila ugonjwa mkubwa ukiingia, kuna mtu anashuka hapa. Anayewapokea sijawahi kumwona. Wewe umemwona?"

"Nimemwona."

Akavua kofia, akakaa nayo mkononi mpaka giza lilipoingia.

Mwanza walimpasua mdogo wangu, wakatoa kitu kikubwa kama kichwa cha mtoto, akapona. Akarudi, akaolewa, akazaa. Lakini hadi leo simama nyuma yake useme "Bhoke", hata kwa kipaza sauti, hasikii. Msibani wakiita jina letu tunageuka wawili, watu wanacheka. Wacheke. Mke wa mwalimu alizunguka ofisi hadi akachoka. Kila mahali aliambiwa mumewe alishuka kwa hiari yake, na anayeshuka kwa hiari yake hahesabiwi.

Nami nililipa. Tangu siku ile sauti ya mama siikumbuki. Nakumbuka uso, nakumbuka mikono yake na namna alivyoshika jembe. Namna yake ya kuita naweza kukusimulia, ila nikijaribu kumsikia, nasikia maji tu. Lakini sijutii hata kidogo, na mbele ya yeyote anayetaka kunihurumia nasema hivyo hivyo: nilikuwa na mama aliyekufa na mdogo aliye hai, nikachagua.

Wewe unayesafiri, sikiliza. Wakikukataza kupanda kwa sababu unaumwa, gombana nao, kaa chini, lala hapo gatini, ni watu kama wewe. Lakini akija anayekuhakikishia kwamba hutaugua kabisa, na hataki chochote isipokuwa jina, mnyime, hata awe na heshima za mzee. Na ukishachelewa, ukasikia marehemu wako anakuita kutoka mdomo wa mtu mwingine, lia. Lia sana kama utakavyo. Usigeuke.